Msitu Nao ni Mali Kauli

Mfanyabiashara wa mkaa kati ya Kisarawe na Dar es Salaam anaijua hesabu yake. Kuna malipo ya mchomaji, magunia, gari, kibali na mrabaha. Pembeni kuna fungu la dharura, yaani faini endapo watu wa maliasili watamkamata. Faida ikionekana baada ya kutoa yote hayo, mzigo unaondoka. Katika hesabu ya namna hii sheria haimzuii mtu. Imegeuka ushuru mwingine tu.

Si kwamba tumepungukiwa sheria. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatoa haki ya mazingira safi na salama, inampa kila mkazi wajibu wa kuyalinda, na inatambua haki ya vizazi vijavyo. Hayo ni maneno ya maadili. Tatizo ni kwamba yakifika getini Kibaha yanabaki kuwa stakabadhi.

Mfano ni mrabaha. Kwa miaka mingi ulitozwa kwa gunia, na soko likajibu kwa lumbesa. Gunia lililipiwa moja, mkaa ukazidi, na karatasi zikawa safi kabisa. Mapema mwaka 2006 Serikali ilijaribu marufuku. Bei ilipanda Dar es Salaam, na marufuku yenyewe haikudumu. Mwaka 2020 misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ni hatua njema, lakini jiko la mjini halisomi ramani, na msitu wa Ruvu Kusini, ulioenea Kibaha na Kisarawe, bado uko karibu na soko hilohilo.

Sasa maadili yanaingiaje katika biashara? Tayari yamo. Kila siku bidhaa hutoka ghalani kwa mali kauli, bila polisi wala hakimu. Mchukuaji hulipa kwa sababu anajua mali si yake, na akivunja neno lake hapewi tena na yeyote. Hakuna anayekaa kupiga hesabu kama faini ya kudhulumu ni ndogo kuliko faida. Msitu nao tumeupokea kwa mali kauli: wenye mali ni wajukuu, ambao hawawezi kuja kudai.

Lakini maadili hayawezi kudaiwa kwa upande mmoja. Mwanakijiji anayepakana na hifadhi, akiona magari yanapita na ushuru unaishia mbali, hana sababu ya kuita msitu ule wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuusimamia. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, miaka ya 2010 baadhi ya vijiji vilianza kuvuna mkaa kwa mpango, eneo baada ya eneo, na mapato yakabaki kijijini. Palipo na haki, mlinzi hupatikana bila mshahara.

Kwa hiyo wauzaji wa jumla wafanye mambo mawili. Kwanza, mkaa usio na kibali waukatae kama wanavyokataa mali ya wizi. Pili, wanunue na kuuza kwa mizani, lumbesa ife.

Mwekezaji mdogo naye aangalie mbele. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtaji wa mitungi ya gesi au mkaa mbadala una miaka mbele yake. Mtaji unaotegemea kumpita mlinzi usiku utaisha siku mti wa mwisho utakapoangushwa, na siku hiyo hakutakuwa na mtu wa kulipwa faini.