Eti walimu tumejaa?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimewatelekeza wiki nane nzima, nilikuwa BTP kwenye shule moja ya kata huko ndanindani, mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu. Picha nitaweka siku nyingine. Leo nina hasira.

Juzi kaja mgeni kutuhutubia pale ukumbini. Kavaa suti, kaongea saa nzima, na neno lake lilikuwa moja tu: nyie wa ualimu mmezidi, ajira zimejaa, jiajirini, fugeni hata kuku. Watu wakapiga makofi! Mimi sikupiga.

Zimejaa wapi? Kule nilikotoka nilikabidhiwa Kiswahili na Historia, kidato cha kwanza mpaka cha tatu, vipindi 28 kwa wiki. Mkondo mmoja wa kidato cha kwanza una watoto 94. Madaftari ya zoezi moja nilikuwa nasahihisha mpaka saa sita usiku kwa tochi ya simu. Kabla yangu mzigo huo ulikuwa wa dada mmoja, mhitimu wa 2019, anajitolea, wazazi wanamchangia hela ya kula na sabuni. Nilipofika alishusha pumzi, akaenda kwao kumwona mwanawe. Nimeondoka, karudi kuubeba. Sasa kama tumejaa, yule dada anaziba pengo la nani?

Watoto hawajapungua. Elimu bila ada ilipoanza 2016 ndio kwanza waliongezeka. Kilichopungua ni vibali vya ajira. Mpaka 2015 ukimaliza chuo ulipangiwa kituo, unabeba begi unaripoti. Baada ya hapo mlango ukabana, 2017 wakaitwa wa sayansi na hisabati. Sibishi, wa fizikia ni wachache kweli. Lakini sisi wa sanaa vyuo vinaendelea kutusajili, ada zetu hazijawahi kuzidi!

Mwaka 2025 ukaja usaili, wa mtaani wa miaka yote hiyo chumba kimoja na waliotoka chuo jana. Kaka yangu alikuwemo. Alimaliza 2016, tangu hapo yuko kwenye bodaboda. Kaulizwa mambo ya andalio la somo. Kakosa. Anasema alishasahau.

Mtasema serikali haina hela ya mishahara. Basi iseme hivyo, tutaelewa, hata kwetu hela huwa inakata. Ila kumwambia mtu amezidi wakati darasa halina mwalimu, huko ni kutufanya watoto. Na hilo bumu tunalokula ni deni, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Natamani kukatwa, wallahi.

Halafu kuku! Mama yangu kanisomesha kwa kuku. Angetaka nifuge si angeniachia banda, asingewauza wote.

Kesho saa mbili tuna testi ya saikolojia ya elimu na sijagusa kitu. Yule dada kanitumia meseji jioni hii, anaomba maandalio yangu ya Historia kidato cha pili. Nampiga picha zote nikipata bando.