Kabati au kigoda? Mtoto achague kazi atakayoimaliza

Mwanafunzi wa kidato cha pili alirudi nyumbani na karatasi ya somo la useremala. Kila mmoja darasani alitakiwa kuchagua kitu cha kutengeneza muhula huo. Baba yake alikuwa na jibu tayari.

“Tengeneza kabati la vyombo. Mbao nitanunua.”

“Baba, mimi nilifikiria kigoda cha bibi.”

“Kigoda? Si vimejaa sokoni!”

Mabishano ya namna hii yameingia katika nyumba nyingi tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024, ukiwa na mkondo wa amali kwa sekondari. Wazazi wengi hupima kazi ya mtoto kwa ukubwa wake. Swali la kuuliza kwanza ni hili: je, ataimaliza kwa mikono yake mwenyewe?

Kabati lina milango, bawaba, rafu na viungo vingi. Kona moja ikienda upande, mlango haufungi. Mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushika randa hukwama katikati, na muhula ukikaribia kwisha mzazi humwita fundi wa mtaani. Alama zinapatikana, lakini mtoto hajajifunza kitu. Na anayekimbizana na muda akiwa na msumeno mkononi ni rahisi kujikata.

Kigoda kinatosha kumfundisha kupima, kukata, kuranda, kuunganisha na kupiga msasa. Kosa lake pia halijifichi: mguu mmoja ukiwa mfupi, kinacheza.

Zaidi ya hapo, kilikuwa na mwenye kukihitaji. Bibi anaumwa magoti, na kila akiinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi hushika ukuta. Kiti kifupi mno hulazimisha magoti kufanya kazi kubwa wakati wa kuinuka. Mjukuu alimpima bibi kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akapata sentimita 43.

Kabla ya kununua mbao, mzazi aangalie mambo haya:

Aina ya mbao. Paini ni laini na nyepesi, inamfaa anayeanza. Vumbi la mvule na mninga huwawasha baadhi ya watu ngozi na pua, na linaweza kuamsha pumu. Mtoto mwenye pumu, mwalimu aambiwe mapema.

Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi, na baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki. Zisitumike kwa kazi ya darasani, na vipande vyake visichomwe jikoni.

Vumbi. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Hatari kubwa iko kwa wanaolivuta kwa miaka mingi, lakini mazoea ya kuvaa barakoa huanzia shuleni. Karakana iwe na hewa ya kutosha, na mtoto avae miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika vidole.

Wiki ya tatu kijana alikosea kipimo, akakata mguu mmoja mfupi kwa sentimita mbili. Baba akachukua simu ampigie fundi.

“Baba nanii, muache,” mama akasema. “Kazi ni yake.”

Kesho yake kijana alipunguza miguu mitatu iliyobaki. Kigoda kikatoka na sentimita 41. Bibi alikikalia, akakuna nazi yake, kisha akainuka bila kugusa ukuta.

“Ahsante, mjukuu wangu,” alisema. “Hiki sikiazimi mtu.”

Muhula ujao kijana anafikiria rafu ndogo ya vitabu. Kabati la baba litasubiri kidogo.