Pembe ya Faru Nayo ni Suala la Halali na Haramu



Ndugu Waislamu, sisi tunaoishi Talatala na vijiji vingine vya mwambao wa Kyela tunawafahamu mamba na viboko wa Ziwa Nyasa. Faru wengi wetu hatukupata kumuona isipokuwa katika picha. Kwa hiyo inapotajwa habari ya kutoweka kwake, ni wepesi kusema kuwa hayo ni mambo ya askari wa wanyamapori na watalii. Dhana hiyo si sahihi. Sisi Waislamu tuna sehemu yetu katika kisa hiki, mbaya na nzuri.

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa na faru weusi wapatao 10,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 hawakufika hata 100. Walikwenda wapi? Waliuawa kwa ajili ya pembe, na sehemu kubwa ya pembe za Afrika Mashariki katika zama hizo ilipelekwa Yemen, nchi ya Kiislamu, ili kutengenezewa mipini ya majambia. Wayemeni wengi walikuwa wamekwenda Saudi Arabia kufanya kazi wakati wa neema ya mafuta, wakarudi na fedha, na mpini wa pembe ya faru ukawa alama ya heshima ya mwanamume. Tusilifiche hili. Mnyama aliyeumbwa na Allah (S.W.) aliuawa porini kwetu ili mtu ajifaharishe kwa kiuno chake.

Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe mwaka 1982, lakini biashara iliendelea kwa siri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mufti wa Yemen alitoa fatwa kuwa kuua faru kwa ajili ya majambia ni kinyume cha matakwa ya Mwenyezi Mungu. Mafundi wakazidi kutumia pembe za nyati wa kufugwa. Hatusemi kuwa fatwa peke yake ilimaliza tatizo. Hata hivyo neno la mwanachuoni lilifika mahali ambapo bunduki ya askari haifiki, yaani katika moyo wa mnunuzi. Mwaka 2014 Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo lilitoa fatwa Na. 4, likiharamisha uwindaji na biashara haramu ya wanyama walio hatarini kutoweka. Nchi hiyo ina faru wake wa Java, ambao wamebakia katika hifadhi moja tu duniani.

Msingi wa fatwa hizo si mgeni kwetu. Suratul An'am, aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama nao ni umma mfano wetu. Na imepokewa na Imam An-Nasai kuwa hata anayemuua shomoro pasina haki ataulizwa na Mola wake. Ikiwa shomoro ana mdai, je, faru?

Leo soko kubwa liko Mashariki ya Mbali, hasa Vietnam na China, ambako wagonjwa huambiwa kuwa pembe inaponya saratani. Pembe hiyo ni kitu kile kile kilichounda kucha na nywele zetu. Anayeiuza anamdhulumu mnyama, kisha anamdanganya mgonjwa anayekaribia kufa.

Hapa ndipo familia za mpakani zinapohusika. Mzee wa biashara hii hapiti Kasumulu na mzigo mgongoni. Humtafuta kijana mwenye pikipiki au mtumbwi, akampa kifurushi na ujira unaozidi kazi yenyewe. Kijana asiuliza kilichomo, na mama nyumbani asiuliza fedha zimetoka wapi. Akikamatwa na nyara za Serikali, mahakama zetu zimekwisha kutoa vifungo vya miaka 20, na ujira ule hautoshi hata kulipa wakili.

Ni kweli kwamba uhifadhi nao umekuwa na dhuluma zake. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilisitishwa baada ya malalamiko ya wananchi kuteswa, na mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao. Haki ya mwanadamu haiondoshwi na haki ya mnyama, na viongozi wanastahiki kukumbushwa hilo. Lakini dhuluma ya askari haiihalalishi pembe.

Takwimu za Serikali za mwaka 2019 zilitaja faru 167 nchini. Mwaka huo huo, jirani zetu wa Malawi, ambao faru wao walikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliletewa 17 kutoka Afrika Kusini hadi hifadhi ya Liwonde, kuungana na wachache waliorejeshwa tangu mwaka 1993. Hifadhi hiyo iko kando ya Mto Shire, unaotoka katika ziwa hili hili letu. Maji tunayotilia udhu hapa Talatala ndiyo yanayoteremka kusini kwenda kuwanywesha.