PICHA ZIANDIKWE MAJINA

Vijana wanaotoka Kanombe mwisho wa juma, kamera mabegani, kwenda Nyanza kuipiga picha nyumba ya nyasi ya Mwami iliyojengwa upya, au Huye kwenye Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1989, wanastahili pongezi. Hata hivyo, hatuna budi kusema kwamba picha isiyo na jina wala tarehe ni nusu ya picha.

Katika Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, zimetundikwa picha za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ni picha za kawaida za nyumbani. Aliyezipiga hakudhani anaandika historia. Leo zipo jamaa ambazo hazikubakiwa na kingine cha mpendwa wao.

Hapo Kanombe wageni huja kutazama mabaki ya ndege ya Rais Habyarimana, iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 ikaanguka penye makazi yake. Ni haki yao. Lakini ni nani amewapiga picha majirani wa hapo wakiwa katika Umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi?

Mpiga picha na aombe ruhusa kwanza. Mzee aliyeketi barazani kwake si mnyama wa mbugani. Kisha aandike huyu ni nani, hapa ni wapi, siku gani. Wanaotumia simu wazichapishe, maana simu huibiwa. Na nakala moja apelekewe mwenye sura yake, Jumapili inayofuata.