"Anti, Kuna Rafiki Yangu..."

Jumamosi moja nikiwa gulioni Tengeru, dada mmoja wa hapa kwetu Akheri kanisimamisha katikati ya mikungu ya ndizi. "Dada, nataka nijitolee kupokea simu za vijana wenye matatizo. Mimi bwana naongea sana, nitawashauri mpaka waelewe!"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Maana hapo kwenye "naongea sana" ndipo na mimi nilipoharibu.

Miaka kadhaa nyuma, mtoto wa jirani, kidato cha pili, alinikuta jikoni namenya ndizi. "Anti, kuna rafiki yangu hajaona siku zake miezi miwili." Nikaruka: "Rafiki gani huyo? Mama yake anajua?" Nikashusha na mahubiri juu. Akaaga kwa adabu, "Haya Anti, asante." Hakurudi tena. Muhula ulipofunguliwa, shuleni hayupo. Enzi hizo ukipata mimba, shule basi; ruhusa ya kurudi ilikuja Novemba 2021.

Sasa sikia. Kijana mwenye jambo zito mara nyingi huanza na huyo huyo "rafiki yangu". Mwache rafiki awe rafiki. Uliza, "Na huyo rafiki yako anajisikiaje?" Kisha funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye.

La pili, usimwahidi "sitamwambia mtu yeyote". Siri ina mpaka. Kama anayemharibu yumo humo humo ndani ya nyumba, lazima ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi wajue. Mwambie hilo mapema, asije akajiona amesalitiwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kuwa mtoto anadhulumiwa aifikishe kwa serikali ya eneo lake.

Kwa watoto wa chini ya miaka 18 ipo namba 116, kupiga ni bure, inaendeshwa na C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Mpe mwanao aijue. Na wewe unayetaka kupokea simu, kubali kwanza kufundishwa. Huruma peke yake haitoshi.

Yule dada kaniuliza, "Sasa nikikaa kimya, nitakuwa nimemsaidia nini?"

Utakuwa hujamkimbiza, shosti. Mtoto wa jirani yangu alitaka dakika tano tu pale jikoni, amalizie sentensi yake.

Tukutane mwezi ujao!