TUZO ZA ANGA ZA JUU NA MASHUA ZETU

Mtu aliyeketi Kilole, Korogwe, akisikia habari za vyombo vya anga za juu hudhani hayo ni mambo ya serikali za mataifa makubwa peke yao. Sivyo. Mwaka 1996 wakfu mmoja wa Marekani, X Prize, ulitangaza tuzo ya dola milioni 10 kwa yeyote ambaye, bila ya fedha za serikali, atafikisha chombo cha kuchukua watu watatu kilomita 100 juu, kikarudi salama, na kuirudia safari hiyo katika muda wa wiki mbili. Vikundi 26 vilijitokeza. Tarehe 4 Oktoba 2004 chombo cha SpaceShipOne, kilichobuniwa na Burt Rutan, kilitimiza sharti hilo huko Mojave. Mfadhili wake, Paul Allen, alikuwa ametumia zaidi ya dola milioni 20. Waliobaki hawakulipwa hata senti.

Wakfu huo huo ukaja mkoani Tanga. Vikundi vilishindania tuzo ya dola milioni 15 kwa kutunga programu za Kiswahili za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu pasipo mwalimu, zikajaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji vipatavyo 170. Washindi wawili walitangazwa Mei 2019. Watoto walikuwa wetu na lugha ilikuwa yetu, ila tatizo lilichaguliwa na wengine. Hatulaumu. Tunauliza tu kwa nini sisi tusiweke tuzo yetu.

MAKISATU, mashindano yaliyoanza mwaka 2019, ni jambo jema, lakini humzawadia mtu kwa kile alichokwisha kukibuni. Tuzo tunayoisema hutangulia kuitaja shida na kipimo chake. Mathalan, mashua ya mvuvi wa Pemba au Mafia ikizimika injini mahali pasipofika mawimbi ya simu, jamaa zake pwani hawana la kufanya ila kungoja. Wizara zinazohusika, za Bara na Zanzibar, zitangaze tuzo kwa kijana au kampuni yoyote ya nchini itakayotengeneza kifaa cha kuomba msaada kwa njia ya satelaiti, chenye bei anayoimudu mvuvi, na kinachostahimili msimu mzima wa kusi.

Lakini fundi wetu si Paul Allen, hawezi kungoja mwisho kwa mfuko mtupu. Kule Tanga vikundi vitano vilivyofika hatua ya majaribio vilipewa kwanza dola milioni 1 kila kimoja. Nasi tufanye hivyo kwa kiasi chetu. Fedha ziwekwe benki kabla ya tangazo, na wavuvi wenyewe wawe miongoni mwa waamuzi.