Kuchangia mafuta ya ndege Marekani: mchango unaishia wapi, nauli inaanzia wapi?

Familia nyingi za huku Ghuba zina watoto wanaosoma au kufanya kazi Washington na vitongoji vyake vya Virginia na Maryland. Sasa kijana akipiga simu, "Mama, kesho naenda harusini Columbus kwa ndege ndogo, rubani nimempata mtandaoni, tunachangia mafuta tu," mzazi amjibu nini?

Kuchangia kwenyewe si kosa. Sheria ya Marekani inamruhusu rubani mwenye leseni binafsi kugawana na abiria wake mafuta, oili, ada za uwanja na gharama za kukodi ndege. Sharti ni kwamba asilipe chini ya fungu lake. Tuseme safari imegharimu dola 400 na ndani mna watu 4: rubani lazima atoe angalau 100. Tena awe na shughuli yake huko aendako. Kama naye anakwenda harusini, sawa. Kama anaruka ili akufikishe wewe tu, hapo si sawa.

Mvutano ulikuja na Flytenow, tovuti iliyowakutanisha marubani na wanaotafuta safari. Mwaka 2014 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, FAA, ilisema huko ni kujinadi kwa umma, na anayejinadi lazima awe na kibali cha kusafirisha abiria kibiashara. Kampuni ikashitaki, ikidai huduma yake ni ya wanachama tu. Tarehe 18 Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ya hapo hapo Washington ikaipa ushindi FAA: ikiwa yeyote anaweza kujiandikisha, basi huo ni umma. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo.

Wanaolalamika wana hoja. Ulaya inaruhusu safari kama hizi, watu wasiozidi 6 pamoja na rubani, na tovuti zinafanya kazi. Lakini FAA nayo ina sababu. Leseni binafsi inaweza kupatikana kwa saa 40 za kuruka. Ya kibiashara, kwa kawaida, ni 250. Na kampuni inayobeba umma hukaguliwa mafunzo na matengenezo yake. Abiria aliyekwisha kutoa pesa hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Mwongozo wa FAA wa mwaka 2020 uko wazi: kuwaambia rafiki zako unaowajua, hapana ubaya, kutangaza mtandaoni kwa kila mtu, hapana.

Basi muulize kijana maswali matatu. Rubani unamjua, au umeona tangazo lake tu? Anakwenda kwa shughuli yake? Na yeye analipa fungu lake? Jibu moja likiwa baya, mwambie apande basi. Atachelewa, lakini harusi ataikuta inshaallah.